Mrututu wa mfuko, wa chupa na wa kijiko: upi una shaba yake kamili?

Ingia duka la pembejeo Moshi au agroveti ya Nyeri useme "nipe mrututu", na unaweza kutoka na kimoja kati ya vitu vitatu visivyolingana bei wala dozi: chembe za buluu iliyokolea, unga wa buluu-kijani, au unga mwekundu kama tofali. Wakulima wa kahawa wamezoea kuviita vyote mrututu kwa kuwa vyote vina shaba. Tathmini hii inahusu kile cha kwanza tu, chenye haki kamili ya jina hilo: salfeti ya shaba yenye maji matano, CuSO4·5H2O. (Wagujarati huita kitu hichohicho morthuthu, na "mor" kwao ni tausi. Anayetaka kujua neno lilifika pwani kwa mashua za nani ana pa kuanzia.)

Mrututu huu huuzwa kwa sura tatu: mfuko wa kilo 25 wa viwandani na mashambani, chupa ya gramu 500 ya maabara, na ule wa kupimiwa kwa kijiko kutoka kwenye kopo lisilo na maandishi. Mwenye haraka achukue hukumu hapa hapa. Mfuko wenye lebo iliyotimia ndio ununuzi bora kwa shamba, kwa kidimbwi cha kutibu kwato za ng'ombe na hata kwa shule inayokuza fuwele. Chupa ya daraja la "LR" (la kawaida la maabara) inatosha maabara yoyote ya sekondari, na ya "AR" (la uchambuzi, safi zaidi) ni ya anayefanya kwelikweli titresheni, yaani kupima kiasi cha kemikali kwa kudondosha myeyusho unaojulikana nguvu yake. Wa kijiko uache. Yaliyobaki hapa chini ni sababu, na njia za kumpima muuzaji kwa mizani, msumari na moto mdogo.

Maji ndani ya kitu kikavu

Kilo moja ya mrututu safi ina gramu 254 hivi za shaba na gramu 361 za maji. Ndiyo, zaidi ya theluthi ya mzigo unaoulipia ni maji, na bado ukiushika mkononi ni mkavu kabisa. Hayo si maji ya unyevunyevu yaliyoingia ghalani. Ni sehemu ya fuwele yenyewe, kila molekuli na kiti chake, na anayejua viti hivyo vimepangwaje hadanganywi kirahisi na rangi ya buluu.

Kila atomi ya shaba imezungukwa na oksijeni sita. Nne ni za molekuli za maji, zimekaa kwenye bapa moja, kila moja kama pikomita 195 kutoka kwenye shaba (pikomita ni sehemu moja ya trilioni ya mita). Mbili zilizobaki, moja juu na moja chini, ni za salfeti, nazo zimesogea mbali, karibu pikomita 240. Urefu huu usio sawa ndio tabia ya ioni ya shaba yenye chaji mbili. Wanasayansi Jahn na Teller walitoa maelezo yake ya kinadharia mwaka 1937. Salfeti hushika shaba moja upande huu na nyingine upande wa pili, hivyo fuwele nzima ni minyororo iliyolala sambamba. Molekuli ya tano ya maji haigusi shaba kabisa. Imejibana kati ya minyororo, ikishikamana na salfeti na maji mengine kwa vifungo vya hidrojeni tu.

Fuwele hii ina heshima yake katika historia. Mwaka 1912 mjini Munich, Friedrich na Knipping walipofuata wazo la Max von Laue la kupitisha eksirei ndani ya fuwele, fuwele ya kwanza waliyoiweka mbele ya mwale ilikuwa ya mrututu. Madoa yaliyotokea kwenye bamba la picha yalithibitisha mambo mawili kwa mpigo, kwamba eksirei ni mawimbi na kwamba atomi za fuwele zimejipanga kwa safu. Mpangilio wenyewe ulichukua muda kusomwa. Beevers na Lipson waliuchapisha mwaka 1934, na nafasi za hidrojeni zilithibitishwa kwa nyutroni mwanzoni mwa miaka ya 1960. Sababu moja ya ugumu ni kwamba mrututu uko katika kundi la fuwele lenye ulinganifu mdogo kuliko yote: pande tatu za kisanduku chake cha msingi hazilingani, karibu nanomita 0.61, 1.07 na 0.60, na hakuna hata pembe moja kati yake iliyo mraba.

Hilo la mwisho lina faida dukani. Mwaga chembe kidogo juu ya karatasi nyeupe uzitazame kwa kioo cha kukuzia. Mrututu wa kweli huonyesha vipande vilivyoegemea upande, kama kiberiti kilichokanyagwa. Ukiona vijisanduku vya mraba, hiyo ni chumvi ya mezani iliyotiwa rangi na majirani zake. Vijiti vyembamba vinavyopitisha mwanga bila rangi mara nyingi ni salfeti ya magnesi, ile chumvi ya kuharisha. Chembe za kijani kibichi ni salfeti ya chuma, ambayo bei yake ni rahisi kuliko ya mrututu na ndiyo kichanganyio cha kuogopwa zaidi.

Moto unasema nini

Ukiupasha mrututu moto polepole, maji hutoka kwa awamu. Mawili huondoka karibu nyuzi 63 za Selsiasi, mawili mengine karibu 109, na la mwisho karibu 200. Namba hizi husogea kidogo kwa kasi ya moto na ukubwa wa chembe, kwa hiyo usigombane na kipimajoto kwa nyuzi tano. Vitabu vingi vya shule husema maji ya mwisho kutoka ni lile la tano, lisilogusa shaba. Maelezo hayo ni mazuri kukariri ila si sahihi. Kila awamu fuwele hujijenga upya, na katika chumvi yenye maji mamoja, maji yaliyobaki yameshika shaba moja kwa moja, tena shaba mbili kwa wakati mmoja. Hakuna anayeweza kunyoosha kidole aseme "ndilo lile".

Maji yakiisha, buluu nayo huisha, kwa sababu rangi ile ilitokana na shaba kuzungukwa na maji manne. Unga unaobaki ni mweupe wenye ukijivu kidogo. Tone moja la maji huurudishia buluu, na kisahani hupata joto la kuhisika mkononi.

Sasa kipimo chenyewe, ambacho ndicho muhimu kuliko vyote. Pima gramu 2.50 za mrututu uliosagwa ndani ya kisahani cha kauri kilichokwisha kupimwa kikiwa kitupu. Pasha kwa moto mdogo huku ukikoroga kwa kijiti cha glasi mpaka buluu yote iishe, acha kipoe ndani ya chombo kikavu chenye kifuniko, pima, pasha tena dakika tano, pima tena, mpaka uzito usibadilike. Mrututu safi unatakiwa kubaki gramu 1.60 na kupoteza 0.90.

Ukipoteza 0.95 au zaidi, ama mzigo umelowa ama umechanganywa na chumvi yenye maji mengi kuliko mrututu. Salfeti ya magnesi ni nusu yake maji. Ukipoteza 0.80, ama mrututu ulishaanza kukauka ghalani, ama kuna kitu kisicho na maji ndani yake, chumvi ya mezani kwa mfano. La kukauka si wizi, na pengine ni faida yako, maana kilo ina shaba zaidi. Ila dozi itakuwa kali kuliko ulivyokusudia.

Hapa wengi huharibu kwa moto mkali. Kingo za unga zikianza kuwa kahawia umepitiliza, na ukisikia harufu inayochoma pua, salfeti yenyewe inavunjika. Uvunjikaji kamili unaoacha oksidi nyeusi ya shaba huhitaji karibu nyuzi 650, lakini chini ya kisahani, pale ncha ya mwali inapogusa, joto hupanda kuliko unavyodhani. Sehemu ikishaungua, kipimo hakina maana, anza upya.

Mfuko wa kilo 25

Mfuko mzuri ni wa plastiki nene uliofumwa, wenye mfuko mwingine wa nailoni ndani, na lebo inayotaja mambo matatu: jina la chumvi pamoja na maji yake, usafi kwa asilimia, na shaba kwa asilimia. Mbili za mwisho ni lazima zikubaliane. Usafi wa asilimia 98 maana yake shaba ni 24.9, wa 99 ni 25.2. Lebo inayosema usafi 99 na shaba 23 imejipinga yenyewe, na hapo hata mizani huhitaji.

Ukikuta lebo ya shaba asilimia 35, usifurahi kabla ya kusoma vizuri. Hiyo ni salfeti ya shaba yenye maji mamoja, unga wa rangi iliyofifia. Si mbaya, ila kilo moja ya mrututu wa kawaida inalingana na gramu 711 tu za huo. Anayeutumia kwa vipimo vya zamani hupiga dawa kali kwa asilimia 40 hivi zaidi.

Daraja hili huwa na chuma kidogo, na kwa shamba si tatizo. Kujua ni kidogo au kingi, yeyusha gramu moja kwenye mililita 20 za maji ya mvua au yaliyotoneshwa, tia tone moja la peroksidi ya hidrojeni, kisha ongeza amonia kidogo kidogo. Kwanza hutokea mashapo ya buluu hafifu. Endelea mpaka yayeyuke tena na myeyusho uwe buluu nzito ya kifalme. Acha dakika kumi, chuja. Karatasi ikibaki safi, mzigo ni mzuri. Ikibaki na utando mwembamba wa kahawia, ni wa kawaida kwa shamba. Ikibaki na ute mzito wa kahawia kama tope la mtoni, umeuziwa salfeti ya chuma kwa bei ya shaba. Kipimo hiki kina upofu wake: zinki na nikeli huyeyuka pamoja na shaba ndani ya amonia, hivyo hazionekani.

Kosa la kawaida ni kuupima mrututu kwa maji ya kisima, kuona ukungu wa buluu-nyeupe, na kumrudia muuzaji kwa ugomvi. Myeyusho wa mrututu ni asidi kidogo, pH yake karibu 4, na maji magumu ya kisima yana bikaboneti inayoigeuza sehemu ya shaba kuwa kaboneti isiyoyeyuka. Ukungu huo ni wa maji yako. Pima kwa maji ya mvua kwanza, kisha ukasirike.

Ukubwa wa chembe nao una maana. Unga laini kama sukari huyeyuka haraka lakini hupeperuka na kuwasha macho, na kwa macho mrututu ni hatari ya kweli: vaa miwani. Mabonge makubwa ni ya bei nafuu, ila ukiyamwaga chini ya pipa yatakaa hapo siku nzima, kwa sababu maji yaliyokolea ni mazito na hujilaza juu yake kama blanketi. Wazoefu huyafunga kwenye gunia dogo na kulining'iniza juu, liguse maji tu. Maji mazito hushuka yenyewe, mapya hupanda, na asubuhi gunia ni tupu.

Neno la tahadhari kuhusu lebo. Mfuko wa viwandani usio na namba ya usajili wa viuatilifu (kwa Tanzania ni kazi ya mamlaka ya TPHPA, kwa Kenya ni bodi ya PCPB) haukuuzwa kuwa dawa ya mimea, hata muuzaji aseme nini. Vilevile usiutie kwenye chakula cha mifugo. Madini ya kulishia wanyama yana daraja lake, lililopimwa risasi na aseniki. Mfuko wa kiwandani haukuahidi hayo.

Ndugu zake wawili

Unga wa buluu-kijani kwa kawaida ni oksikloridi ya shaba, mara nyingi yenye shaba asilimia 50. Mwekundu ni oksidi. Hizi huja tayari kwa kukorogwa na maji, hazihitaji chokaa. Kuzilinganisha bei kwa kilo ni kujidanganya. Gawanya bei kwa kilo za shaba. Kilo moja ya unga wa asilimia 50 ina gramu 500 za shaba, sawa na kilo 1.96 za mrututu. Ukiongeza bei ya chokaa na saa mbili za kukoroga, mkulima wa miti mia mbili ya kahawa pengine ataona unga wa tayari una nafuu. Mwenye shamba kubwa na kibarua mwangalifu, mrututu bado unamlipa.

Kuuchanganya na chokaa

Mchanganyiko huu ni wa mizabibu ya Bordeaux. Millardet aliutangaza mwaka 1885 kwa ukungu wa majani ya zabibu. Kwenye kahawa ukungu wa kupigana nao ni kutu ya majani na chulebuni, ugonjwa wa matunda ya kahawa ulioonekana kwanza Kenya mwaka 1922. Kipimo cha asilimia moja ni kilo 1 ya mrututu, kilo 1 ya chokaa ya unga na lita 100 za maji. Kwa bomba la mgongoni la lita 20 ni gramu 200 kwa 200.

Yeyusha mrututu kwenye lita 50 ndani ya pipa la plastiki. Koroga chokaa kwenye lita 50 nyingine, uchuje mchanga. Kisha mimina maji ya mrututu ndani ya chokaa, polepole, mtu mwingine akikoroga. Usigeuze mpangilio, na usikoroge viwili vikiwa vizito ndipo uongeze maji baadaye. Ukifanya hivyo chembe hutoka nene, hutuama haraka, huziba pua ya bomba na hushika jani vibaya. Mchanganyiko mzuri ni wa buluu ya anga, laini kama maziwa, na unachukua muda kutuama.

Kabla ya kupiga, tumbukiza msumari uliosuguliwa ukang'aa kwa dakika moja. Ukitoka na utando mwekundu, shaba iliyo huru bado imo na itaunguza majani; ongeza chokaa. Mara nyingi mwenye kosa ni chokaa, hasa ya mfuko uliokaa wazi miezi: hewa huigeuza kuwa kaboneti, na unga bado unaonekana uleule mweupe. Nunua chokaa mpya kila msimu, na upige mchanganyiko siku hiyohiyo. Uliolala haurudi.

Kuhusu vyombo, mrututu hula chuma na mabati. Ndoo ya bati hupata vitundu, na shaba iliyojipaka kwenye chuma ni shaba uliyoipoteza. Plastiki ndiyo chombo chake.

Kwa kwato za ng'ombe, kidimbwi cha asilimia 5, yaani kilo 5 kwa lita 100, hufanya kazi mpaka kinyesi kijae. Uchafu huishika shaba na kuua nguvu yake, hata kama rangi bado ipo. Osha kwato kwa maji kabla. Kondoo wasisogee hapo wakanywa, maana wao shaba huwaua kwa kiasi ambacho ng'ombe hata hakisikii. Kwao salfeti ya zinki ni bora.

Chupa ya maabara

Chupa ya gramu 500 ya "LR" huwa na usafi wa asilimia 98 na zaidi, na lebo nzuri hutaja kikomo cha chuma na kloridi. Kwa somo la baiolojia inazidi mahitaji. Lita moja ya kitendanishi cha Benedict, kinachopima sukari, huhitaji gramu 17.3 tu za mrututu, pamoja na gramu 173 za sitreti ya sodiamu na gramu 100 za kaboneti ya sodiamu isiyo na maji. Chupa moja inatoa lita 28 na chenji. Kwa kipimo cha protini, myeyusho wa asilimia 1 unatosha. Shule inayonunua "AR" kwa kazi hizi inatupa fedha.

Kosa linalorudiwa ni mwalimu kupima gramu 17.3 za mrututu mweupe uliokaushwa, kwa kuwa ndio uliobaki kabatini. Huo una shaba mara 1.56 zaidi. Gramu zinazotakiwa ni 11.1.

"AR" inalipa pale matokeo yanapotegemea usafi. Katika titresheni ya iodini, gramu 0.50 za mrututu zikiyeyushwa na kupewa iodidi ya potasiamu ya kutosha, iodini inayotoka inatakiwa kumalizwa na karibu mililita 20.0 za thayosalfeti ya 0.1 M. Chuma kilichopanda chaji nacho hutoa iodini, kwa hiyo mrututu mchafu huweza kuonekana bora kuliko ulivyo. Ndiyo maana kipimo cha amonia kitangulie.

Kwa fuwele kubwa za maonyesho, mfuko wa shamba unafaa ukiuchuja. Katika gramu 100 za maji huyeyuka karibu gramu 32 kwa nyuzi 20, 38 kwa nyuzi 30, 62 kwa nyuzi 60, na 114 maji yakichemka. Kwa chumba cha Dar es Salaam au Mombasa, yeyusha gramu 45 kwenye mililita 100 za maji ya moto, chuja yakiwa bado moto, funika kwa karatasi, uache usiku. Asubuhi chagua kifuwele kimoja chenye kingo kali, kifunge kwa uzi mwembamba wa nailoni, ukirudishe ndani ya myeyusho uliomwagwa kutoka kwenye mashapo. Uzi wa pamba usitumie. Utaota fuwele urefu wote. Weka mahali ambapo joto halipandi mchana, la sivyo kilichokua usiku kitayeyuka saa nane. Tone la asidi ya salfa iliyozimuliwa huzuia ukungu wa kaboneti. Fuwele ikishakua, kausha na uipake rangi ya kucha isiyo na rangi.

Upako huo una sababu. Kwa nyuzi 25, mrututu huanza kupoteza maji hewa ikiwa kavu chini ya theluthi hivi ya unyevu inayoweza kubeba. Pwani hali hiyo ni nadra. Garissa au Dodoma mchana wa kiangazi inawezekana, na fuwele isiyopakwa hupata vumbi jeupe usoni. Upande wa pili, mrututu haunyonyi maji ya hewani ukayeyuka kama kloridi ya kalsiamu, ila joto la mchana na baridi ya usiku huugandisha kuwa jiwe ndani ya mfuko uliofunguliwa. Jiwe hilo halijaharibika. Livunje, lipime, litumie.

Wa kijiko

Hauna lebo, na mara nyingi huuzwa karibu na viungo vya chakula. Zamani ulipakwa vidondani, na wapo wanaoununua hadi leo kwa kazi hiyo. Huunguza nyama mbichi na shaba huingia mwilini. Kwa mtoto usithubutu. Hauna asilimia, tarehe wala wa kumuuliza. Bei ya kijiko ukiizidisha hadi kilo, mara nyingi inaipita ya mfuko. Ukijikuta nao tayari, upitishe kwenye karatasi nyeupe, mizani na amonia kabla ya kuutia popote, na kama umeonyesha kijani au vijisanduku, upeleke kwenye kidimbwi cha kwato tu.

Maji ya kusuuzia bomba na pipa yasiende mtoni wala kwenye bwawa la samaki, maana shaba kidogo sana huwaua, hasa maji yakiwa laini. Yatie chokaa mpaka buluu ya maji ya juu iishe, acha yatuame, kisha maji ya juu yamwagwe kwenye njia ya shamba na tope lizikwe mbali na kisima.